Kabla ya kuhesabu mapipa ya Turkana, tuhesabu joto la mwamba

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na mafuta, inapotangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta taa, mazungumzo ya Nairobi huchukua mkondo uleule. Ndani ya matatu ya Rongai, kwenye kibanda cha chai Gikomba, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi ambako wasikilizaji hupiga simu, lazima mtu aulize: na mafuta yetu ya Turkana yamefikia wapi? Ni swali la haki. Linalonisumbua ni jibu. Jibu huja kama idadi moja ya mapipa, hutamkwa na mwanasiasa au gazeti, na kesho yake idadi hiyo inazungumzwa kama akiba iliyoko benki.

Idadi hiyo ni mwisho wa mlolongo mrefu wa makadirio kuhusu joto, muda na njia za chini ya ardhi. Kosa dogo mwanzoni mwa mlolongo huwa kubwa mwishoni. Nchi ambayo haiwezi kuukagua mlolongo huo kwa wataalamu na maabara zake yenyewe itaendelea kupokea namba za wengine na kugawana, kwa hasira, vitu ambavyo haijavipima.

Mwaka 2018 Tullow Oil, iliyokuwa ikisimamia visima vya Lokichar Kusini huko Turkana, ilitoa makadirio matatu ya mafuta yanayoweza kuchotwa: mapipa milioni 240 kwa hesabu ya chini, milioni 560 kwa hesabu ya kati, na milioni 1,230 kwa hesabu ya juu. Namba ya juu ni zaidi ya mara tano ya ile ya chini. Kampuni haikuficha hilo. Lakini kwenye midahalo yetu ilibaki 560 peke yake, na kufikia mwaka 2021, mpango wa uendelezaji uliporekebishwa, ikawa 585. Kati ya namba hizo na kikao cha Bunge kinachojadili asilimia 75 za serikali kuu, 20 za kaunti na 5 za jamii, kama Sheria ya Petroli ya 2019 inavyoagiza, ule upana wa makadirio ulidondoka njiani. Sijasikia mbunge akiuliza: tukiangukia 240, bomba la kutoka Lokichar hadi Lamu bado lina maana?

Kuna njia mbili za kukadiria mafuta. Ya kwanza ni kupima mtego, yaani mahali chini ya ardhi mafuta yaliponaswa, uliokwisha kutobolewa: upana wake, unene wa jiwe mchanga lenye mafuta, nafasi zilizomo ndani ya jiwe, na sehemu ya mafuta itakayokubali kutoka. Makadirio ya 2018 yalitoka huko. Ya pili huanza mbali zaidi, kwenye mwamba uliozaa mafuta yenyewe, ikauliza ulizaa kiasi gani, lini, na yalielekea wapi. Njia hii ya pili ndiyo inayoamua mahali pa kuchimba kisima kijacho, na ndiyo isiyozungumzwa kabisa hapa kwetu. Nitakaa nayo.

Mafuta ya Lokichar yalianza kama mwani. Enzi za Oligosini na Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, bonde lile lilipokuwa likidondoka kando ya ufa mkubwa ulio upande wa magharibi, lilishika ziwa. Mwani uliokufa ulizama kwenye tope la chini, mahali ambapo oksijeni haikutosha kuuozesha, ukafunikwa na tope jingine, na jingine. Leo tope lile ni mwamba unaoitwa Lokhone. Mabaki ya viumbe yaliyogandamizwa humo huitwa kerojeni. Kerojeni si mafuta bado. Inahitaji kupashwa joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 60 na 150 hivi, ndipo molekuli zake kubwa zikatike na kuwa mafuta; huko ndiko kuiva. Ikizidi hapo, mafuta yenyewe hukatika yakawa gesi.

Tufanye hesabu ya mkono, kwa namba za mfano. Chukua kilomita moja ya mraba ya mwamba chanzo, ule unaozaa mafuta, wenye unene wa mita 100. Hizo ni mita za ujazo milioni 100, na kwa uzito wa tani 2.4 kila mita ya ujazo, tunapata tani milioni 240 za mwamba. Kama asilimia 3 ya uzito huo ni kaboni iliyotokana na viumbe, tuna tani milioni 7.2 za kaboni. Mwamba mzuri wa ziwa waweza kutoa kilo 600 za mafuta kwa kila tani ya kaboni ukiiva wote. Tuseme umeiva nusu: kilo 300. Jumla ni tani milioni 2.16 za mafuta, sawa na mapipa yapatayo milioni 15.8, kutoka kilomita moja tu ya mraba.

Sasa tuguse namba mbili kidogo. Kaboni iwe asilimia 2 na kuiva kuwe asilimia 30: tunashuka hadi mapipa milioni 6.3. Kaboni iwe asilimia 5 na kuiva kuwe asilimia 70: tunapanda hadi milioni 36.8. Tofauti ni karibu mara sita, na bado hatujasogeza tone hata moja. Hakuna aliyedanganya hapo, wala aliyetia chumvi. Asilimia 2 na asilimia 5 zinaweza kupatikana ndani ya mwamba uleule, mita chache tu juu na chini, kwa sababu ziwa lilikuwa na misimu yake.

Kaboni angalau inaweza kupimwa. Kipimo kinachotumika duniani kote ni Rock-Eval, kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1970. Unasaga kipande cha mwamba, unachukua unga kidogo, takriban miligramu 100, unautia kwenye tanuru isiyo na oksijeni. Ikifika nyuzi 300, mafuta yaliyokwisha kuzaliwa hutoka kama mvuke. Mashine inayachora kama kilima cha kwanza kwenye grafu. Joto likiendelea kupanda kuelekea nyuzi 600 na zaidi, kerojeni iliyobaki hukatika na kilima cha pili hutokea. Cha kwanza kinakuambia mwamba umeshazaa nini, cha pili unaweza bado kuzaa nini. Nyuzi joto ambapo kilima cha pili hufika kilele hutumika kupima kuiva. Kuanzia 435 hivi, mwamba huhesabiwa kuwa umeanza kutoa mafuta.

Hapo ndipo miamba ya ziwa inapowatega wageni. Kerojeni yake ni ya aina moja karibu tupu, kwa hiyo kile kilele cha pili hukaa palepale hata mwamba unapozidi kuiva. Kipimo mbadala ni kutazama kwa darubini chembe za miti zinazoitwa vitriniti, kwa kuwa hung'aa zaidi kadiri zinavyopata joto. Lakini tope la katikati ya ziwa lina miti michache, na vitriniti iliyozungukwa na mwani mwingi hung'aa pungufu ya inavyostahili. Mchambuzi aliyezoea miamba ya bahari akisoma namba hizi bila tahadhari, atasema mwamba haujaiva na kumbe umeiva. Kwenye ripoti kosa hilo linaonekana kama namba moja ndogo ndani ya jedwali. Shambani laweza kuwa kisima kilichochimbwa mahali pasipo.

Halafu kuna joto lenyewe. Juu ya ardhi Turkana tuseme ni nyuzi 30. Kila kilomita unayoshuka, joto huongezeka. Likiongezeka kwa nyuzi 25, mwamba ulio kilomita tatu chini uko kwenye nyuzi 105. Likiongezeka kwa 30, uko kwenye 120. Kwa 35, uko kwenye 135. Mwanajiolojia wa Kisovieti N. V. Lopatin alipendekeza mwaka 1971 kanuni rahisi: kasi ya kuiva huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa kanuni hiyo, kati ya 105 na 135 kasi imezidishwa mara nane. Kanuni bora zimekuja baadaye, zinazofuata kemia ya kila kifungo kinachokatika, lakini ya Lopatin inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Ni kama githeri: moto mdogo kwa saa nyingi au moto mkali kwa saa chache vyaweza kukufikisha mahali pamoja, na anayeonja tu sufuria mwishoni hawezi kujua ulitumia upi. Mwenye kukadiria mafuta lazima ajue vyote viwili, moto na muda.

Na moto wa Bonde la Ufa haulingani popote. Visima vya mvuke vya Olkaria, kule Naivasha, hupita nyuzi 300 kwenye kina cha kilomita mbili au tatu. Joto la namna hiyo lingekuwa Lokichar, mafuta yasingebaki. Ni bonde moja la ufa kwenye ramani ya shule, lakini ukoko wa dunia umenyooshwa tofauti kila mahali, na kila panaponyooshwa joto la chini husogea juu. Anayechukua kiwango cha joto cha kisima kimoja na kukitandaza juu ya bonde zima anapiga ramli.

Muda nao una historia. Mwamba ukizikwa huendelea kuiva. Ardhi ikiinuka na tabaka za juu zikamomonyoka, mwamba hupoa na kuiva hukoma. Kwa hiyo lazima ujue ardhi iliinuka lini na kwa kiasi gani. Ushahidi mmoja wa jambo hili kwa Turkana unatoka mahali ambapo wengi hawangeutafuta: nyangumi. Mwaka 1964 mabaki ya nyangumi mwenye mdomo mrefu yaligunduliwa Loperot, kilomita zipatazo 740 kutoka pwani ya sasa, kwenye mwinuko wa mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na inaelekea alipanda mto kutoka Bahari ya Hindi akapotea. Nyangumi hapandi mto wenye maporomoko. Kwa hiyo wakati ule sehemu hiyo ilikuwa tambarare, karibu na usawa wa bahari, na mwinuko ulikuja baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitumia mfupa huo kuweka tarehe ya kuinuka kwa Afrika Mashariki. Anayejenga hesabu ya maziko ya mwamba wa Lokhone anapata hapo nukta moja ya kuanzia ambayo hakuna programu ya kompyuta ingeweza kumpa.

Loperot hiyohiyo ndiko Shell walikochimba kisima mwaka 1992. Walikuta mwamba chanzo. Walikuta dalili za mafuta. Wakaondoka. Miaka 20 ikapita kabla kisima cha Ngamia-1 hakijachimbwa upande wa magharibi wa bonde hilohilo, na Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akalitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana. Mwamba uliozaa ulikuwa umeshajulikana tangu 1992. Kilichokuwa hakijajulikana ni mafuta yalielekea wapi.

Hili la kuhama ndilo gumu kuliko yote. Mafuta yanapozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko kerojeni iliyoyazaa, shinikizo hupanda, yanasukumwa nje ya mwamba chanzo kupitia nyufa nyembamba. Yakishafika kwenye jiwe mchanga lililojaa maji, huanza kupanda kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Nguvu inayoyainua ni ndogo: kwa mafuta yenye uzito wa 0.85 ya maji, kila mita ya safu ya mafuta hutoa kama paskali 1,500 tu. Tone likifika kwenye mlango mwembamba kati ya chembe mbili za mchanga, lazima lijikunje ili lipite, na mlango ukiwa mwembamba mno linakwama mpaka mengine yajazane chini yake na kusukuma.

Ndivyo mtego unavyofanya kazi. Mwamba wa tope wenye milango ya nusu kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya maikromita unaweza kuzuia shinikizo la paskali kama 600,000 kabla mafuta hayajapenya. Gawanya kwa 1,500: unashikilia safu ya mafuta ya mita 400. Milango ikiwa mara mbili ya upana huo, unashikilia mita 200, na yanayozidi yanavuja kwenda juu, pengine hadi kwenye uso wa nchi. Hakuna mtu anayeweza kupima kila mlango kwenye kilomita elfu za mraba. Unapima vipande vichache kutoka visimani, halafu unakadiria.

Nyufa kubwa za bonde zinatatiza zaidi. Ufa unaweza kuwa njia, unaweza kuwa ukuta. Waweza kuwa njia wakati unatetemeka na kuwa ukuta unapotulia na kujazwa tope lililosagwa. Visima vya Ngamia, Twiga, Ekales na Amosing vimejipanga kando ya ufa wa magharibi wa Lokichar, na inaonyesha kwamba hapo mafuta yalizuiwa. Kisima cha Etuko, mwaka 2013, kikaonyesha kwamba mengine yalielekea mashariki. Programu za kukokotoa mabonde zinaweza kuchora safari hizo kwa rangi nzuri. Nyingine zinatumia kanuni ambayo Henry Darcy aliitoa mwaka 1856 baada ya kupima maji yakipita kwenye mchanga mjini Dijon. Nyingine zinafuata tu mteremko wa tabaka. Nyingine zinasukuma tone kwa tone kwenye mlango ulio mpana zaidi. Zipe programu hizo data ileile, zinaweza kukupa njia tatu tofauti. Ndiyo maana kwenye mabonde mengi duniani, sehemu ya mafuta yaliyozaliwa ambayo hatimaye hukutwa mtegoni ni asilimia chache tu. Mengine yamebaki yamesambaa njiani, au yamevuja zamani.

Baada ya Ngamia, matarajio yalitandazwa kwenye mabonde jirani, na ramani zilizokuwa zikionyeshwa hotelini Nairobi zilikuwa na mabonde yaliyopakwa rangi moja. Kisima cha Engomo-1 kilichimbwa Turkana Kaskazini mwaka 2014. Emesek-1 kikafuata mwaka 2015. Hayakupatikana mafuta ya kutosha kwa biashara. Cheptuket-1, Bonde la Kerio, mwaka 2016, kilionyesha dalili nzuri za mafuta, lakini dalili hazijazi lori. Mabonde haya yamezaliwa na mfumo mmoja wa ufa. Lakini bonde moja lilipata ziwa lenye kina na utulivu wa kutosha, jingine likapata mito iliyoleta mchanga mwingi, na jingine likapata majivu ya volkano. Kisima kikavu kama Engomo kina thamani kubwa sana kwa anayejifunza: kinasema ni kiungo kipi kilikosekana, chanzo, joto, njia au kifuniko. Naamini visima vyetu vikavu ndiyo hazina ya data tuliyoipuuza zaidi.

Hata gharama ya kusafirisha imeandikwa kwenye asili ya mafuta. Mwani wa ziwa huzaa mafuta yenye nta nyingi. Ya Turkana huganda kwenye joto la kawaida, ndiyo maana yalisafirishwa hadi Mombasa kwa malori yenye matangi maalumu ya kuhifadhi joto kuanzia 2018, mpaka shehena ya kwanza, mapipa kama 240,000, ikauzwa Agosti 2019. Bomba lolote kuelekea Lamu litalazimika kupashwa joto njia nzima. Jambo hilo lilijulikana kutoka kwenye kemia ya kerojeni kabla ya mkandarasi yeyote kutoa bei.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Mwaka 2025 Tullow iliuza sehemu yake kwa Gulf Energy, na data ya miaka zaidi ya kumi ikabadilisha mikono. Total na Africa Oil walikuwa wameshajitoa mwaka 2023. Kila kampuni inayoingia hufungua upya faili, na kila inayotoka huondoka na watu waliokuwa wakilielewa. Kitakachobaki ni vipande vya mwamba na namba. Vipande hivyo viwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa jiolojia kutoka Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anaweza kuviweka chini ya darubini bila kuomba ruhusa ya ofisi tatu. Vipimo vya Rock-Eval, joto la visima na mistari ya mitetemo (picha za miamba ya chini zinazopatikana kwa kutuma mawimbi ardhini) vya maeneo yaliyorudishwa kwa serikali vifunguliwe kwa vyuo vyetu. Na idadi ya mapipa inapotolewa Bungeni, itolewe kama tatu: ya chini, ya kati na ya juu, ikiambatana na maelezo ya kiwango cha joto kilichotumika na njia ya kuhama iliyodhaniwa.

Watu watasema siri za biashara. Kwa eneo ambalo bado linachimbwa, sawa, kwa muda. Kwa Engomo, kwa Cheptuket, kwa visima vilivyofungwa miaka kumi iliyopita, sioni siri ya nani inalindwa.

Jambo hili lina haraka kwa sababu mabonde yanayofuata hayafanani na Lokichar hata kidogo. Lamu, ambako kampuni za kigeni zimetafuta tangu miaka ya 1950, ina miamba ya bahari, yenye kerojeni ya aina nyingine inayoiva kwa ratiba nyingine. Kisima cha Sunbird-1 cha mwaka 2014 kilikuta mafuta baharini, machache, na kuthibitisha angalau kwamba kuna kitu kilichoiva huko. Mabonde ya Anza, kati ya Marsabit na Garissa, ni ya zamani zaidi, ya enzi za Kretashia, na yamezikwa kwa kina kirefu. Kisima cha Sala-1 huko, mwaka 2014, kilikuta gesi. Swali la Anza ni la tarehe: mwamba wake ulipoiva, mitego ilikuwa imeshaundwa, au mafuta yalipita kabla mlango haujafungwa? Mwenye kipande cha mwamba wa Anza na kipimo cha lini ulipoa anaweza kuanza kujibu hilo sasa hivi, kabla ya leseni inayofuata kutiwa saini.